Mzungu Naye Anaogopa

Jumatatu, 3 Novemba 1997. Mwandiga.

Leo ofisini kwa shirika la wakimbizi nimesema maneno ya kujaza ndoo, na mkalimani, Nathaniel, akammiminia mzungu kijiko kimoja. Nilihesabu. Mimi sentensi saba, yeye moja, tena fupi. Mzungu akatikisa kichwa, akasema kitu, na Nathaniel akanigeukia: "Anasema amekusikia, mama." Amenisikiaje, wakati nilichosema hakikumfikia?

Nataka mambo mawili tu. Mwenyekiti amepita na spika Jumamosi kutangaza kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini watakusanywa wapelekwe kambini. Spesiosa ni Mrundi. Yuko kwangu mwaka wa nne, analala chumba cha uani, na ndiye anayechanganya mawese na kostiki, ile dawa kali inayogandisha sabuni, kwa jicho bila kukosea. Mumewe, Kubwimana, analima kahawa ya watu Kalinzi na hushuka mwisho wa mwezi. Shirika linanunua sabuni yangu kuwagawia wakimbizi, na malori ya kuwabeba watu ni yao. Basi, la kwanza: waseme neno serikalini, huyu ni fundi sabuni, aachwe. La pili, kama la kwanza halitawezekana: waniambie mapema siku ya malori, Spesiosa apande Kalinzi amchukue mumewe, waingie kambini pamoja, waandikwe kadi moja. Spesiosa mwenyewe anasema hilo la pili ndilo kubwa. "Kambini nitaishi, mama. Peke yangu sitaishi."

Yeye Kiingereza anakijua, lakini kufika mjini hawezi, kuna kizuizi cha askari barabarani. Mimi kufika ninafika, Kiingereza sina. Nilisoma mpaka darasa la nne, yaliyobaki nimejisomesha kwenye mizani. Nimeanza na sufuria ya kuazima, sasa nina mapipa sita na wanawake watano. Kiingereza nacho kitanishinda?

Nathaniel ni mtu wa Upareni, kaletwa hapa na kazi, suruali ina mstari wa pasi hata siku za matope. Simwamini.

Jumatano, 5 Novemba.

Somo la kwanza, tukikoroga. Spesiosa alifua na kupiga pasi miaka tisa kwa wamisionari wa Kiingereza upande wa Bururi, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha kusemwa, si cha ubaoni. Ndicho ninachokitaka.

"Ukiambiwa hau a yu, jibu faini."

"Na kama si faini?"

"Faini."

"Na kama nimefiwa?"

"Faini, thenki yu. Halafu unanyamaza."

Selina, anayekata miche, akaacha waya wake. "Hao watu huzikana lini?"

Nikasema sisi nasi husema salama hata kama si salama. Lakini salama yetu ina mlango wa uani: salama, ila mtoto anaumwa, salama, ila mvua imebomoa jiko. Faini yao haina "ila". Mtu anabaki nayo nje, kama kafungiwa.

Ijumaa, 7 Novemba.

Mvua. Sabuni haikauki.

Jumanne, 11 Novemba.

Nimekwenda ofisini na mche mmoja wa sabuni kama sababu. Mzungu ni Bi Heleni, mwanamke wa makamo, pua imeungua kwa jua. Nikamwamkia mwenyewe, hau a yu, akashangaa akacheka. Akanusa sabuni yangu, akasema: "Noti badi."

Hayo nayajua. Si mbaya! Sabuni ambayo Ujiji nzima inafulia kanzu za Idi, ati si mbaya. Nikakaza uso. Nathaniel akaingilia kwa Kiswahili, "Amekusifu, mama." Nikamwambia sikumuuliza.

Kisha nikasema lile nililofundishwa, Spesiosa izi mai waka, plizi helpu: ni mfanyakazi wangu, tafadhali nisaidie. Bi Heleni akasikiliza mpaka mwisho. Akajibu: "Wii sii."

Tutaona! Nimerudi Mwandiga nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Usiku huohuo.

Nimemwambia Spesiosa. Akaweka mwiko chini.

"Mama, hiyo ni hapana."

"Hapana ni nou. Umenifundisha mwenyewe."

"Nou wanawaambia mbwa na watoto. Mtu mzima anaambiwa wii sii."

Na noti badi, kumbe, ni sifa. Nathaniel alisema kweli. Sasa kusifu wanasema si mbaya, kukataa wanasema tutaona. Nikimuuzia mtu sabuni namna hiyo, atanipeleka polisi.

Jumapili, 16 Novemba.

Redio inasema mvua hii ina jina, Elinino, na reli imekatika huko mbele. Mche ukiuweka juu ya meza asubuhi, jioni umetoa jasho. Selina ananiita Madamu. "Madamu, hau a mawese?" Nikamjibu faini. Wakacheka wote, Spesiosa zaidi. Ana kicheko cha kuziba mdomo kwa kiwiko, maana mikono ina kostiki.

Jumatano, 19 Novemba.

Wamekusanywa watu wa upande wa ziwani. Jirani kaona malori mawili yamejaa, kuku wakining'inia nje.

Jumapili, 23 Novemba.

La kwanza limekufa, tumekubaliana. Tubaki na la pili: siku. Nimemwambia Spesiosa anipe maneno ya kuulizia siku, na maneno ya kumfanya mzungu ajue kwamba huku kuna mtu, si mzigo.

Akafikiri. Tulikuwa wawili tu, wengine wamekwenda kanisani. Akaweka kiganja kifuani.

"Ai em afredi ofu sojazi."

"Maana yake?"

"Naogopa askari."

Akanirudisha nyuma neno moja moja. Ai em afredi. Mimi ninaogopa. Shi izi afredi. Yeye anaogopa. Alipokuwa akilisema, sauti yake haikuwa ya mwalimu. Nilimwona akiangalia lango, kiganja bado kiko kifuani. Maneno mengine nayarudia mara kumi yananitoroka njiani. Hili nimelipata mara moja. Afredi. Sitalisahau hata nikizeeka.

Alhamisi, 27 Novemba.

Kubwimana ameshuka, amelala usiku mmoja, amepanda tena. Kuna kahawa ya kupalilia. Nilimwambia abaki. Akasema tajiri wake atamnyima kibarua. "Mkisikia siku, mama, nitumieni mtu. Kalinzi si mbali." Mpole kupita kiasi, mpaka anakera. Ameacha mkungu wa ndizi.

Jumanne, 2 Desemba.

Leo ninaandika yote, maana leo nimefanya kazi.

Nilifika nimelowa mpaka magotini. Nathaniel akasimama kama kawaida yake kuja kukaa katikati yetu. Nikamwambia kwa sauti, mzungu asikie: "No, thenki yu. Ai hevu mai mauthi." Ninao mdomo wangu. Bi Heleni akacheka, lakini kwa kuniheshimu. Nathaniel masikio yakawa mekundu, weusi wake wote usimsaidie. Akarudi kusimama mlangoni na mafaili yake.

Nikakaa. Sikuharakisha. "Madamu. Spesiosa izi mai waka. Hazi husbandi izi fa. Shi izi afredi. Sojazi, wili dhei kamu tu Mwandiga dhisi wiki?" Yaani, mumewe yuko mbali, anaogopa, je, askari watakuja Mwandiga wiki hii?

Nilipomaliza nikasikia mvua kwenye bati. Bi Heleni akaweka kalamu chini. Akaniangalia, si kama anavyoangalia watu wa stoo. Akasema polepole:

"Aimafredi so."

Nililisikia wazi kama jina langu. Aimafredi. Yeye naye anaogopa! So ni hivyo, Spesiosa alinifundisha: so-so, hivyo hivyo. Mimi ninaogopa, hivyo hivyo kama ninyi. Mwaka mzima nimeuza sabuni kwa ofisi ile na ni leo tu mtu wa mle amefungua kifua. Nikajikuta nimemjibu kabla ya kufikiri:

"Mi tuu."

Mimi pia. Akainuka, akazunguka meza, akanishika bega. Macho yalikuwa na maji, naapa. Nikasema thenki yu veri machi, nikamwachia katoni nzima ya miche, siyo ya kuuza.

Nathaniel pale mlangoni alifungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Siku zote nilidhani wazungu hawa hawana cha kuogopa, wana redio, wana magari. Kumbe nao wamebebeshwa jambo wasilolipenda. Nikiwa njiani nilimwonea hata huruma.

Jumatano, 3 Desemba.

Nilimweleza Spesiosa jana jioni jikoni, mambo yote yakiwa ya moto. "Yuko nasi. Kasema naye anaogopa. Kanishika bega."

"Alitaja siku?"

"Hakutaja."

"Alisema yesi au nou?"

"Hata moja. Anaogopa tu, kama mimi na wewe."

Akakung'uta mwiko: "Basi hawajaamua. Wangekuwa wameamua, angesema." Akauliza kama apande Kalinzi leo hata hivyo. Nikamwambia barabara ni matope, na tuna mapipa mawili ya kumwaga kabla ya Ijumaa, na mzungu aliyetokwa na machozi kwa ajili yako hatakuacha uchukuliwe bila kukuambia. Apande Jumapili, tukimaliza.

"Ego, mama," akasema. Ndiyo, mama.

Alhamisi, 4 Desemba.

Tumechemsha.

Ijumaa, 5 Desemba.

Wamekuja saa moja asubuhi.

Alikuwa anamwaga sabuni kwenye fremu, ya kwanza imejaa, ya pili iko nusu. Askari wanne na karani mmoja mwenye mwavuli. Selina akaruka mbele: "Huyu ni Muha mwenzetu, kwao Manyovu!" Karani akauliza baba yake ni nani Manyovu. Selina akataja jina la babu yake mwenyewe. Angekubaliwa, nadhani, yule karani alikuwa amechoka. Lakini Spesiosa akasema, bila kuinua macho kwenye fremu:

"Mimi ni Mrundi. Niacheni nimalize kumwaga, itaganda."

Nilikuja mbio kutoka jikoni. Nikasema shirika linajua, mzungu anajua, mzungu amesema!

"Amesema nini?" akauliza mkubwa wao.

Nikasema amesema anaogopa.

Wakacheka. Mmoja, kijana mdogo ambaye ningeweza kumzaa, akasema, "Mwambie asiogope, mama. Sisi tuna bunduki."

Walimpa muda wa kuchukua nguo. Alichukua kanga, sufuria, na kile kioo chake kidogo. Mikononi alikuwa bado na kostiki, nikasema anawe, askari akasema huko anakokwenda kuna sabuni. Lori lilikuwa la shirika, na alama yake mlangoni. Alipopanda hakulia. Alinitazama juu ya vichwa vya watu, akasema neno moja tu.

"Kubwimana."

Nikasema nitamtumia mtu. Nikasema leo hii hii. Lori lilikuwa limeshaondoka.

Jumamosi, 6 Desemba.

Fremu ya pili imeganda ikiwa nusu. Nimekataza isiguswe.

Jumanne, 9 Desemba.

Niliyemtuma Kalinzi alizuiwa na mto uliofurika. Kubwimana amepata habari kwa watu wa kahawa, amefika leo kwa miguu, tope mpaka kiunoni. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisimama kwenye mlango wa chumba kitupu, akasema, "Kalinzi ni nusu siku tu, mama," kana kwamba ananiuliza njia.

Akataka kwenda kujisalimisha mwenyewe ili ampate. Nimemsindikiza. Kwenye meza ya kuandikishia nikamwambia karani: mkewe amepelekwa Kasulu, huyu naye mpelekeni huko huko. Karani akaandika bila kuniangalia.

"Tutaona," akasema.

Nimeishi na Kiswahili tangu nizaliwe, sikujua kwamba nacho kina wii sii. Lori alilopanda lilikuwa la Kibondo.

Jumatano, 31 Desemba.

Tumeanza kufunga Ramadhani. Reli bado imekatika, sabuni ya Dar haifiki, shirika linataka yangu mara tatu ya zamani. Nimeongeza mapipa. Miaka ishirini niliomba wateja wa namna hii. Wanaogawiwa ni wao kambini, kwa hiyo Spesiosa anaogea sabuni yangu kwa kupanga foleni.

Anayechanganya sasa ni mimi. Mara mbili nimeharibu.

Jumamosi, 10 Januari 1998.

Nimemuuliza Bi Heleni kama kuna namna ya kuwaunganisha. "Wii sii." Sikuhitaji mkalimani.

Jumatatu, 19 Januari.

Nilikuwa uani pa shirika tukipakia. Dereva, Leodgar, mtu wa Kasulu mwenye domo, alimpigia kelele Bi Heleni dirishani kwa Kiingereza chake cha barabarani: rodi imefungwa, madamu? Kulozdi?

"Aimafredi so," akasema Bi Heleni.

Leodgar akatukana kwa Kiha, akazima injini, akaanza kushusha katoni.

"Mbona unashusha?"

"Barabara imefungwa. Si umemsikia?"

"Hakusema yesi. Kasema anaogopa."

Leodgar akacheka mpaka akaegemea lori. "Anaogopa nini, tope? Mama, hiyo ni ndiyo. Ni ndiyo yao ya habari mbaya. Daktari akikuambia umekufa, anakwambia hivyo hivyo: aimafredi so."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikakaa juu ya katoni. Watu wakadhani ni saumu, wakanitafutia kivuli.

Nilimuuliza, sojazi wili dhei kamu dhisi wiki. Akanijibu: ndiyo, kwa bahati mbaya. Aliniambia. Siku tatu kabla, uso kwa uso, aliniambia. Nusu siku ya Kalinzi ingeingia mle mara sita.

Nikamfuata Nathaniel mezani kwake. "Ulikuwepo mlangoni. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ulisema mbele ya bosi wangu kwamba mdomo unao." Hakuwa na hasira, ndilo lililoniuma. "Nilitaka kuingilia. Ukanitazama. Tena ulikuwa umeshajibu mi tuu, nikadhani umeelewa, unamwambia nawe unasikitika. Mama, ulitamka vizuri mno. Hata yeye alisema, huyu mama kajikaza."

Nikamtupia lile la kwanza, sentensi zangu saba na moja yake. Akafunga faili.

"Siku ile ulisema: nina Mrundi wangu, hana karatasi, anajificha kwangu uani. Chumbani alikuwepo afisa wa serikali, amekaa nyuma yako. Kiswahili chako cha kukimbia, cha Mwandiga, kilimpita, alikuwa anasoma mafaili; Kiingereza kisingempita. Nikasema: mama huyu ana fundi hodari, anaomba ushauri."

Nimemchukia mtu yule karibu miezi mitatu kwa hesabu sahihi na jibu la uongo. Simsamehe. Ila sasa sijui nisimsamehe kwa lipi.

Jumanne, 20 Januari.

Nimevunja fremu ya pili. Nusu fremu, ngumu kama jiwe. Sabuni ya mkono wake wa mwisho. Haina kosa.

Ijumaa, 30 Januari.

Idi. Sikupika.

Jumatano, 18 Februari.

Barabara imefunguka. Nimepanda na lori la Leodgar mpaka kambini kwa kibali cha Nathaniel. Alikitafuta mwenyewe, hakusema neno.

Nilimkuta kwenye foleni ya sabuni. Amekonda, kanga ni ile ile. Mikono imepona kostiki, laini kama ya karani. Aliponiona akaziba mdomo kwa kiwiko, ile tabia yake, ingawa mikono sasa ni safi.

"Mwakeye, mama," akaniamkia kwa Kirundi. "Hau a yu?"

"Faini," nikasema.

"Faini," naye akasema. Tukaacha hapo hapo, kama Waingereza.

Alikuwa na kipande cha mgao uliopita. Akakibonyeza kwa kidole. "Nani anachanganya siku hizi? Mawese yamezidi."

"Mimi."

"Noti badi," akasema, na kwa mara ya kwanza sikujua ni sifa au hapana.

Nikamuuliza habari za Kubwimana. Anajua yuko Kibondo, aliletewa salamu na mama mmoja. Wameomba waunganishwe. Ofisi ya kambi ilimjibu kwa Kiingereza, kwa kuwa walisikia anakijua.

"Wakasemaje?"

"Wii sii."

Foleni ikasogea hatua moja, tukasogea nayo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumweleza: mvua, Elinino, askari, serikali. Hakuniuliza hayo. Aliangalia mbele, kwenye mgongo wa mtu aliyemtangulia, akasema:

"Mama, yule mzungu. Siku ile ulipokwenda. Alikuwa anajua kwamba wanakuja?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kwa Kiswahili, kikawa kirefu, kikapata ila nyingi.

"Aimafredi so," nikamjibu.

Aligeuka. Niliona akilirudia kimya kwa midomo, akilipeleka nyuma mpaka jioni ile jikoni, yesi au nou, hata moja, anaogopa tu. Akafika.

"Hilo sikukufundisha," akasema.

"Hukunifundisha."

"Nilikufundisha la kuogopa tu."

Mtu wa nyuma akasema kina mama, sogeeni, watu wana watoto. Spesiosa akaishusha kanga yake begani, akaifunga upya.

"Umelitamka vizuri," akaniambia, akasogea mbele kabla nafasi yake haijachukuliwa.